Nani Anakusindikiza?

Mdogo wangu Kiguu na Njia,

Huku mvua zimekatika, na cherehani yangu imepona kikohozi chake. Utacheka: wewe ndiye uliyezunguka dunia, lakini siku hizi jina lako nimelirithi mimi. Sukari yangu ilipopanda, nesi wa kliniki aliniambia, "Mama, kazi yako ni ya kukaa tu. Kila jioni ukishakula, tembea." Basi nalizunguka soko mpaka walinzi wamenizoea, na viatu vimelika visigino. Sukari nayo imeanza kushika adabu.

Kitambaa ulichotuma kimefika. Nitashona gauni, ingawa sijui nitalivaa kwenda wapi.

Juzi nilianguka kidogo, usishtuke. Nilitoka bila kula, sukari ikashuka, nikajikuta nimekaa chini kando ya barabara, mtu nisiyemjua ananinywesha soda. Nesi alinifokea kama mtoto. "Kutembea usiache, lakini ule kwanza, uweke peremende mfukoni, na usitoke peke yako. Nani anakusindikiza?"

Peremende nimenunua. Hilo la mwisho ndilo lililonishinda, nikamjibu, "Mdogo wangu." Akaniomba namba yako ya simu, nikampa.

Kwa hiyo akikupigia, tafadhali usiniumbue. Mwambie ndiyo, kila jioni tunatoka wote, ila wewe mwendo wako ni wa haraka tangu utotoni, na dada yako huwa anabaki nyuma anakuita.

Ni mimi,
Dada