Boksi Bila Gemu

Jumapili, Chanika ya Handeni. Mvua imeanza alfajiri, mahindi ya jirani yamenawiri, kila mtu mtaani anashukuru. Mimi sina raha.

Nina uchungu wa kijinga. Najua ni wa kijinga kwa sababu nimeshawasikia watu wakisema: mama mzima, ana mume na watoto wawili, analilia gemu. Basi, ndiyo. Ninalia.

Mashine yangu ya gemu ni ile wanayoiita ya familia, ndogo, yenye rangi kama peremende. Walioitengeneza sina ugomvi nao, gemu zao wenyewe wanazitengeneza kwa moyo. Wanaoniumiza ni kampuni za nje, zile zinazouza gemu kwenye mashine zote. Mashine nyingine wanazipelekea gemu zikiwa za moto. Kwetu wanaleta kiporo, na mara nyingine hawaleti kitu. Ukiwauliza, wanajitetea kwamba sisi hatununui, mashine yetu ni ya watoto. Sasa nani ananunua kiporo? Ukipeleka mitumba iliyochanika mnadani, ukarudi nayo yote, usiseme watu wa Handeni hawavai nguo.

Tupo. Tunanunua. Hawatuoni.

Nasema "tupo" kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu ni Zuhura wa Masuguru, kule Korogwe, mtoto wa shangazi yangu, kwa hiyo binamu na mtani wangu. Kila Idi, kila harusi, hata misibani baada ya watu kutawanyika, nilikwenda Korogwe na mashine mkobani, imeviringishwa kwenye kanga. Tulicheza gemu moja ya dada wawili wapanda farasi wanaotafuta njia ya kurudi kwao. Mimi dada mkubwa, yeye mdogo, na tuliahidiana kwamba hakuna kuigusa peke yako. Ilituchukua miaka. Tulipoimaliza, wale dada walikuwa bado njiani, na kampuni ikaahidi sehemu ya pili.

Sehemu ya pili ikatoka kwenye mashine nyingine zote. Sisi tukaambiwa tungoje. Tukangoja hadi nikaona aibu kuuliza. Mwaka huu, wenzetu wakiwa wameshaichoka, ndipo ikaja. Tukachanga, nikaagiza Dar, boksi likafika limefungwa vizuri na nailoni yake. Mume wangu akaniambia nilifungue nihakikishe. Nikakataa. Kitu cha wawili hakifunguliwi na mmoja, ndivyo tulivyolelewa. Ningemsikiliza, ningejua mapema, na pengine nisingebeba aibu ile hadi Korogwe.

Jumapili iliyopita nililifungua sebuleni kwa shangazi, Zuhura akiwa ubavuni kwangu. Ndani mlikuwa na karatasi yenye namba. Basi. Gemu yenyewe unaipakua mtandaoni, na ni kubwa kuliko bando lolote nililowahi kununua.

"Binamu, umenisafirishia risiti?" Zuhura akaniuliza.

Shangazi akalichukua boksi, akalitikisa. "Gemu yenyewe iko wapi?"

"Mtandaoni, shangazi."

"Sasa hili mmelinunua la kuwekea sindano?"

Tukacheka wote watatu, nusura nisahau hasira. Nikasema haidhuru, nitaipakua polepole nikirudi Handeni, Idi ijayo tutaanza. Hapo Zuhura akaacha kucheka. Akawa ananyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kasoro.

"Nimeshaimaliza, binamu," akasema. "Mwaka jana. Kwenye mashine ya shemeji yako."

Shemeji ni mume wake. Ana ile mashine nyingine, ile inayoletewa vya moto. Zuhura anasema alingoja, akangoja, kisha siku moja akaikuta gemu imewashwa hapo kwake sebuleni na akashindwa kujizuia. Akaicheza na mumewe hadi mwisho. Mchango wake akautoa, anajua kila kitu na hakusema, maana aliogopa kunivunja moyo. Nilikunywa chai yote bila kuonja sukari.

Simlaumu.

Hapana, huo ni uongo. Ninamlaumu, halafu najionea haya, halafu nakumbuka kwamba tungeletewa kwa wakati, tungeimaliza pamoja na kusingekuwa na la kuficha. Huko mbali yupo mtu aliyekaa kwenye meza yake akaamua kwamba watu wa mashine ya familia wanaweza kungoja. Hakujua kwamba wakingoja wawili, mmoja huchoka kabla ya mwingine. Sidhani kama alitufikiria hata kidogo.

Wiki nzima nimekuwa nikiipakua. Bando likiisha naweka jingine, na watoto wananiuliza mbona katuni zao hazifunguki. Zuhura ametuma salamu mara mbili na nimemjibu kwa adabu, jambo ambalo kati ya watani ni baya kuliko matusi. Leo baada ya adhuhuri imekamilika. Nikafunga mlango, nikawasha. Wale dada wawili wakatokea kwenye kioo, wamesimama kando ya farasi wao, wananingoja.

Kabla ya kuanza, gemu inauliza swali moja tu: mchezaji mmoja, au wawili?

Padi ya kuchezea iko mkononi. Alasiri imeshaadhiniwa, na bado sijabonyeza.