Daktari Amemsomea Baba Utafiti Wangu

Shoga, siamini. Nimetoka sasa hivi kwa daktari wa baba, niko kwenye ngazi za hospitali.

Majibu ya uvimbe wa pafu yametoka. Ile maikroRNA niliyoichunguza, molekuli ndogo ya mwilini inayozuia saratani kusambaa, kwake haimo. Haimo kabisa.

Daktari akasema, "Mzee, bila hiyo, dawa tuliyopanga kukupa haitakufaa. Kuna utafiti umeonyesha hivyo." Akatugeuzia kompyuta.

Ni wangu! Jina langu ndilo la kwanza pale juu.

Baba akasoma, akapiga meza. "Daktari, mwenyewe si huyu hapa! Mwanangu huyu!" Anacheka, anakohoa, anacheka. Daktari akakosa pa kutazama.

Kisha baba akanigeukia taratibu. "Sasa mama, si uandike upya?"

Nikamwambia wagonjwa wa aina yake katika utafiti walikuwa arobaini na mmoja, na hesabu tulizirudia. Ndivyo nilivyomjibu baba yangu, shoga. Kwa hesabu.

"Na dawa haikumfaa hata mmoja?"

"Hata mmoja, baba."

Halafu akamshika daktari mkono, akamshukuru kwa kusoma kazi ya mwanawe.