Mtungi Usioelea

Kibiti
Jumatatu, 9 Mei 1994

Kaka Salumu,

Mganga wa zamu huko hospitali ya Utete amesema leo asubuhi kwamba mdogo wako Ashrafu amechezesha vidole vya mguu wa kulia. Wa kushoto bado. Nimetanguliza hilo kwa kuwa najua usingezisoma salamu zangu kabla ya kulipata. Sasa zipokee. Mimi ni mzima, na natumaini joto la Temeke halijakuzidi wewe na watoto.

Shemeji yako Mwanawetu anamuuguza mumewe. Aliponiona na daftari aliniuliza kama gazeti langu limenituma kuhesabu vidole vya mtu, kisha akanisogezea kiti.

Barua yako ilifika Ijumaa. Umeandika kwamba tamaa ya majongoo bahari ndiyo iliyomponza Ashrafu, na kwamba hutakuja kumtazama mpaka akiri. Hayo umeyapata kwa Deusdedit, mfanyabiashara anayemwajiri. Pale gatini Nyamisati anamwambia kila mtu kwamba Ashrafu alijua hewa inakwisha, akang'ang'ania chini. Nimefuatilia. Sivyo ilivyokuwa.

Kwa miaka miwili wazamiaji wa Deusdedit walitumia mitungi ya hewa ya aluminiamu, wenyewe huiita masufuria. Ikijaa, huzama. Hewa ikikaribia kwisha, mtungi huwa mwepesi kuliko maji na kitako chake huanza kupanda. Geji zao za kupimia hewa iliyobaki ziliharibika mwaka jana, hazikuletwa nyingine. Ashrafu anasema hawakuona taabu: sufuria likianza kumvuta mtu shati, anajua wakati umefika, naye hupanda polepole na hewa ya njiani anayo.

Mwezi uliopita Deusdedit alileta mitungi ya chuma. Aliwaambia kwamba hii ni ya lita kumi na mbili, ile ya zamani kumi na moja, na kwamba hewa yake imeshindiliwa zaidi, hivyo watakaa chini muda mrefu. Ni kweli. Waliipenda pia kwa sababu kwenye mkanda wa kiunoni walipunguza kilo tatu za vipande vya risasi vya kuwazamisha. Ashrafu aliwatania wenzake kwamba mtungi wa chuma una kiburi, haukuinulii kitako hata kukuaga.

Aprili 27 alikuwa mita ishirini na tano, nje ya mdomo wa delta. Mtungi ulikuwa umemtulia mgongoni, akadhani hewa bado ipo. Pumzi ikakata ghafla. Alipanda mbio, na mganga anasema kupanda mbio kutoka kina kile ndiko kulikompoozesha miguu.

Juzi Jumamosi nilitia majini mitungi miwili mitupu pale gatini, wenzake wakitazama. Sufuria lilielea. Wa chuma ulikwenda chini, tukauvuta kwa kamba. Hakuna aliyecheka. Tangu hapo hawajazamia.

Sasa lililobaki ni langu. Mitungi ilikuja na karatasi ya mtengenezaji, ya Kiingereza, na Deusdedit aliniomba niwatafsirie wazamiaji. Ilikuwa na safu mbili. Ya kwanza ilieleza ujazo. Ya pili ilieleza uzito wa mtungi ukiwa majini, ukijaa na ukiisha, na ilionyesha kwamba wa chuma hubaki mzito kuliko maji kwa kilo moja hata ukiisha. Safu hiyo niliiacha. Sikulijua jina lake kwa Kiswahili, na nikaona aibu kuandika maelezo marefu mahali pa neno moja. Sikumwambia mtu.

Jana nilimuuliza Ashrafu wao husemaje kuhusu jambo lile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Akasema: mtungi unaelea, au hauelei. Ndipo nikamweleza nilichoacha. Aliniagiza nikuandikie wewe kwanza, gazeti baadaye.

Mdogo wako hakuwa na tamaa, hana la kukiri. Mwenye la kukiri ni mimi.

Msalimie mama watoto. Barua hii naipa dereva wa basi la leo ikufikie kesho. Kikao cha kuandika chanzo cha ajali kitakaa ofisi ya kata Maparoni Alhamisi tarehe 12, saa nne asubuhi. Deusdedit atakuja na karatasi yangu, mimi nitakuja na ya mtengenezaji. Ukitaka kuwapo, boti inaondoka Nyamisati Jumatano saa kumi alasiri, maji yakijaa.

Ni mimi,
Wilbrod