Ijumaa Uliyokauka Sauti

Sis Kemunto,

Jumatatu naingia kortini kwa kesi ya kifo chako. Shemeji amekana. Anasema ulianguka tu.

Wakili wa serikali alinionyesha OB, kile kitabu cha ripoti pale kituoni. Kumbe ulienda mara tatu! Tatu, Kemunto! Mimi nilijua moja. Mbili zimeandikwa mstari mmoja mmoja: ugomvi wa nyumbani, hana majeraha, wakaongee. Ya tatu, ya Ijumaa, kuna afisa wa kike aliongeza: "Sauti imekauka. Anasema alinyongwa mpaka akajikojolea."

Nilitoka nje nikakaa chini.

Sikumaliza shule, unajua, lakini simu ninayo. Nimesoma mpaka macho yakauma. Mtu anaweza kunyongwa na ngozi isionyeshe kitu! Sauti inapotea, kumeza kunauma, macho yanatoka vidoti vyekundu. Na mwanaume akishakunyonga mara moja, uko karibu sana na kifo. Nani alitufundisha hiyo? Sisi tulikuwa tunatafuta damu.

Kesho ya hiyo Ijumaa, Sabato, ulikuja kwetu Kiogoro. Kwaya ikakuweka mbele, sauti ikakataa. Nikakucheka: "Leo sista ameingia besi!" Ukacheka pia, mkono kwa shingo. Nikadhani ni homa.

Halafu Jumapili nikakubeba na pikipiki yangu mpaka Nyamira, mpaka mlangoni kwa mumeo, kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa wamekula kuku wake wakasema mmepatana. Akanishika mkono: "Asante shem, umeniletea mtu wangu." Na mimi nikasema karibu.

Siku nne tu, sis.

Sasa wakili wa shemeji anasema OB iko safi, haina jeraha hata moja. Yule afisa wa kike alihamishwa, hawajampata. Mwenye aliisikia hiyo sauti na amekubali kusimama shahidi ni mimi. Mama ananiambia, "Mogaka, sema ya sauti. Ya pikipiki wachana nayo, kanisa itatumaliza." Lakini wakiniuliza alirudi aje? Nikidanganya hapo, nani ataamini ile ingine?

Wiki nzima sijalala vizuri. Nimekasirikia wazee, nimekasirikia polisi, halafu najikuta mimi ndiye nilishika usukani.

Basi nitasema yote. Nitasema sauti yako ilikuwa imekauka na bado nikakurudisha. Shemeji aniangalie vile anataka. Mama akitoka nje, nitaendelea kuongea.

Genda buya, Kemunto, nenda salama.

Ndugu yako,
Mogaka