Upande Ule Mwingine wa Ubao

Barasa, rafiki yangu,

Mashindano ya shule yalikuwa Jumamosi hapa Nakuru, na nimeshindwa. Nakuambia mapema kwa sababu najua huna subira.

Usinicheke bado. Unakumbuka kitanda chako pale landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, kilivyobanwa ukutani? Kifua kilipokuzidi tulikuwa tunaketi hapo bega kwa bega, ubao wa sataranji magotini, sote tukitazama kutoka upande wa weupe. Wewe ukisoma kitabu cha mwalimu, mimi nikisogeza na kuandika: askari wa mfalme, safu ya nne. Farasi ulimchukia. "Huyu ana maringo, hawezi kutembea kama watu." Nilicheka mpaka mama yako akaja kuchungulia.

Basi Jumamosi nikapewa weusi. Tulisahau, Barasa, kwamba kwa uandishi wa kitabu kile kila mchezaji huhesabu safu kuanzia kwake! Niliandika hatua zangu zote kana kwamba bado niko kando yako. Mkono wa koti la mpinzani wangu ukaangusha vipande, mwamuzi akaomba karatasi zetu avirudishe mahali pake. Yangu haikumwingia akilini. "Kijana, nani alikufundisha kuhesabu hivi?" Akafuata karatasi ya mwenzangu, tukaendelea, lakini mimi sikuwa naona ubao tena. Malkia wangu alikwenda hivi hivi.

Kushindwa si kitu. Kinachoniuma ni kwamba mimi na wewe hatukucheza hata mara moja. Ulikuwa ukiniomba, "Hebu hamia ule upande nikutie adabu," nami nikijibu, hapa hakuna nafasi, ukipona. Niliogopa kukuchosha. Niliogopa pia kukushinda ukiwa mgonjwa. Mjinga mimi, afadhali ungenichapa.

Jana nilienda kumjulia hali mama yako. Amevuta kitanda chako katikati ya chumba, mara ya kwanza tangu tukuzike, ili apake ukuta chokaa. Nikaketi ule upande mwingine, mgongo ukielekea ukuta. Nafasi ilikuwa tele. Kumbe tungekivuta tu, Barasa. Hatukufikiria.

Mdogo wako Nafula anataka kujifunza. Nakuahidi nitamfundisha, na siku ya kwanza sitaketi kando yake, nitaketi mbele yake. Weupe nitampa yeye, maana ndio upande wako.

Pumzika sasa, ndugu yangu.

Kiprono