Wani Amebadilisha Jina la Ukurasa

Alhamisi, mtaa wa Hai Jalaba. Jua kali tangu asubuhi, jenereta imezimika mara mbili, kichwa kinaniuma. Naandika kabla sijajitafutia sababu ya kunyamaza.

Wani alikuwa mteja wangu hapa kwenye duka la intaneti. Alikaa kwenye kompyuta ya karibu na ukuta na kujitangaza Facebook kwamba anaweza kufungua akaunti ya yeyote bila nywila yake: mume, mpenzi, bosi.

Nilijua. Nikafunga mdomo.

Kisha polisi wakawakamata wenzake wawili sokoni. Nilidhani kazi ile imekwisha. Kumbe Wani alifuta ukurasa wake, akaacha kuja hapa, akawa anawafungulia tu watu walioletwa na wateja wake wa zamani. Na wiki hii nimeona ukurasa mpya wenye jina jingine: “Tunarudisha akaounti zilizoibwa.” Ni yeye. Neno “akaunti” hajawahi kuliandika sawa.

Leo mchana jirani yangu Keji, muuza vitenge, aliingia mbio. Akaunti yake imeibwa tangu jana. Ndani mna maongezi na kaka yake, ambaye amejificha tangu vita vilipoanza Desemba. Kaka amemwandikia humo hata nyumba anayolala.

“Dada, hawa wanarudisha,” akasema, akinionyesha ukurasa uleule. “Niwaandikie?”

Ningeweza kusema sijui.

“Huyo mwenyewe ndiye huzifungua akaunti za watu, Keji. Usimwandikie. Mpigie kaka yako ahame sasa hivi.”

Alipiga akiwa amesimama. Mara ya tatu kaka akapokea. Alipokata simu akaniuliza, “Wewe umemjuaje?”

Nikamweleza yote, pamoja na ile miezi Wani alipokaa hapa. Hakunitukana. Alisema tu, “Kalas,” yaani basi, akatoka.

Jioni alirudi, akasimama mlangoni. Watu wawili wasiojulikana walifika kwenye ile nyumba saa kumi wakimuulizia kaka yake. Hawakumkuta. Yuko kwenye lori la kwenda Nimule, mpakani, ameshapita Nesitu nje ya mji. Akanipa habari hiyo akaenda zake. Hakuniita dada.

Sina ushahidi kwamba ni Wani aliyefungua akaunti ya Keji. Lakini miezi yote ile sikumuuliza hata mara moja anamfungulia nani.

Asubuhi nitakwenda kwa Keji kabla sijafungua duka. Bado sijui nitaanza na neno gani.