Papa, Nilisema Umepona

Mpendwa Papa,

Sikuandikii ili upumzike. Umepumzika vya kutosha, mimi bado.

Unakumbuka ile nyumba yetu ya kambi ya kampuni, pale Panda? Kitanda chako tulikisogeza dirishani ili uwaone wenzako wa atelier, karakana yenu, wakipita. Mwaka ule walipita wachache, na mishahara haikuja. Kitu kimoja tu cha kampuni kilikuwa hai bado: prise en charge, matibabu ya kulipiwa. Kila Jumanne na Ijumaa infirmière Mama Felisite alikuja nyumbani kwa miguu, akafunga kidonda chako, akatuachia sindano zako za sukari za siku zile hadi arudi. Daktari wa mwisho wa Panda alikuwa amepanda treni pamoja na watu wa mkoa mwingine waliofukuzwa kwetu. Kwa hiyo kila Ijumaa ndugu wa mgonjwa alikwenda kwenye phonie, redio ya mawasiliano ya dispensaire, kadi yako mkononi, akaongea na daktari aliye Lubumbashi. Yeye ndiye aliyeamua kama sindano zinaendelea.

Mama Felisite ndiye aliyekuwa akimtajia daktari namba za sukari. Ijumaa ile alikuwa ametumwa Kambove, nikabaki mimi peke yangu.

Jana yake, Alhamisi, ndugu wa kikundi cha maombi walikuja, wakaweka mikono juu ya mguu wako. Walipoondoka ukanishika kiganja. Sijasahau jinsi vidole vyako vilivyokuwa vya moto.

"Kesho kwa phonie usikiri ugonjwa," ukaniambia. "Mwenye kukiri ugonjwa anaurudisha. Weye sema nimepona."

"Lakini Papa, kidonda kinanuka."

"Unataka kunilaani, weye?"

Basi. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na wewe hukuwahi kuniomba kitu, uliamuru tu.

Pale dispensaire benchi lilikuwa limejaa, na mama mmoja wa korali yetu amekaa mbele kabisa. Kwenye phonie hakuna siri, kila mtu anasikia. Sauti ya daktari ikaja na mikwaruzo yake: "Papa yako anaendeleaje? À vous." Zamu yangu ya kusema.

"Amepona, docteur."

"Amepona? Sukari iko ngapi?"

"Amepona kwa jina la Yesu."

"Bon," akasema. "Ninamutosha kwa liste, ninafuta jina lake. Dawa iende kwa wengine." Benchi zima likapiga makofi. Mama wa korali akanikumbatia, na mimi, mjinga, nikacheka.

Nilirudi mbio. Ulinifanya niyarudie maneno yale mara tatu, ukafumba macho, ukasema: "Weye ni mutoto wa kweli." Ndiyo mara ya kwanza kunisifu, Papa. Ulichagua siku!

Jumanne Mama Felisite alikuja mikono mitupu. Alipojua nilichosema akakaa chini sakafuni. "Turudi kwa phonie sasa hivi, mwanangu, useme ulikosea." Nikachukua kadi. Ukaniita kutoka kitandani, sauti yako ilikuwa bado na nguvu kwa hilo.

"Utaniaibisha mbele ya ndugu? Ukienda, weye si mutoto yangu tena."

Nikairudisha kadi mezani. Sikwenda. Nakulaumu kwa hilo, halafu najilaumu, halafu narudi kwako, na siku inakwisha hivyo. Siku ya nane bila sindano ulianza kuita watu ambao hawakuwepo. Siku ya tisa hukuita mtu.

Leo mtu akiniuliza hali ya mgonjwa namtajia yote: homa, usaha, harufu. Watu wa kanisani wananiona mchawi. Waniache.

Kuna jambo hukulijua. Siku ya tatu ya matanga, waombolezaji wamejaa uani, barua ya kampuni ikaletwa, ina jina lako. Mama hakujua Kifaransa, akanipa niisome kwa sauti. Iliandikwa kwamba kwa kuwa daktari amethibitisha hali yako, na hukurudi kazini, umefutwa kazi, na nyumba irudishwe. Mama akauliza, "Daktari alisema nini juu yake?"

Watu wote wakanigeukia. Mama wa korali alikuwa pale.

Nikamwambia: "Alisema amepona."

Lala, Papa. Sitakuja kaburini mwaka huu pia.

Binti yako, mutoto wa kweli